Kitambaa Kilichozidi

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Kwa hivyo siku ile binti yangu aliponiambia, "Mum, kwako siwezi," sikumuuliza sababu. Nilimwambia kama hawezi arudi alikotoka, naye akabeba begi lake akarudi. Alikuwa amelala kwangu usiku mmoja tu, na sweta ya shule hakuivua hata dakika moja.

Alikotoka ni kwa dadangu mkubwa, mtaa wa Ayany, pale pale Kibera. Nilimwacha huko nilipopata kazi ya usafi kwenye nyumba za watu, nikahama Kibera nikapanga chumba cha mabati Kawangware, karibu na kazi. Nilisema ni miezi mitatu, nijipange. Ikawa miaka miwili. Mtoto akafika miaka kumi na minne, na dadangu akaanza kumwita "msichana wetu." Baada ya mambo ya sweta alinipigia simu na hakuzunguka. "Likizo ya Agosti atakuja kwako wiki moja," akasema. "Halafu achague mwenyewe. Akichagua kwangu, atakaa hapa mpaka amalize shule, na wewe usimvutevute tena." Nikasema sawa. Nikakata simu, nikalia mpaka kamasi.

Siku zilizofuata nilikuwa nakiangalia kile chumba kwa macho ya msichana. Mabati yameshika kutu. Katoni nilizobandika kuzuia baridi zimevimba kwa mvua. Sakafu ina ufa unaotoka mlangoni hadi kitandani. Nikasema haya, nimeelewa, mtoto anaona aibu.

Mama ninayemfanyia kazi ndiye aliyenipa wazo, bila kujua. Alikuwa ametandika zulia jipya sebuleni, la matambara yaliyosukwa kama nywele, rangi zote. Akaniita nilione. Akanieleza polepole kwamba halina kitu kipya hata kimoja, ni fulana kuukuu zilizokatwakatwa. Kwamba ni kazi ya akina mama wa Kibera, biashara yao wenyewe. Na kwamba siku hizi yeye hanunui pambo la nyumba linaloharibu mazingira. Nilimsikiliza nimeshika ufagio. Hao akina mama nimekaa nao ploti moja miaka sita, nimepanga nao foleni ya maji. Sikumwambia. Nilijiuliza tu mbona vitu vya kwetu viko kwake, na kwangu kuna katoni.

Jumapili nikaenda Kibera. Kiongozi wao ni mama wa Kinubi, mjane, anashonea kwenye kibanda mbele ya nyumba aliyoachiwa na babake. Wako wanne. Mmoja hufumua sweta za mitumba zilizotoboka, anaosha uzi, anafuma vitambaa vya kuweka juu ya viti. Wawili husuka mazulia. Yeye mwenyewe hukusanya vipande vinavyobaki kwa mafundi wa mapazia, anaviunganisha kuwa kitambaa kirefu cha kuzungusha chumba kizima ili mabati yasionekane. Wengi wetu tumekulia ndani ya kuta za kitambaa, lakini hizo zilikuwa shuka tu. Chake alikipanga rangi kwa rangi, ukikiangalia unasahau ni mabaki. Nilichagua zulia, nikachagua vitambaa vyeupe, nikaagiza na cha ukutani.

Kwenye mbao za kibanda chake kulikuwa na misumari, na kila msumari una kamba ya katani yenye mafundo. Kila kamba ilikuwa nyumba ya mtu. Mteja anapewa kamba, anaizungusha chumbani kwake, anafunga fundo kila kona na jingine mlangoni, anairudisha. Akaniletea yangu.

"Ya nini, mama?" nikamuuliza. "Changu ni tenbaiten."

"Umepima?"

"Mwenye ploti ndiye alisema. Futi kumi kwa kumi. Nairobi nzima chumba ni tenbaiten."

"Mwanangu, mimi sikumuuliza mwenye ploti," akasema. "Nenda na kamba."

Nikaudhika. Niliona ananichukulia kama mtu asiyejua nyumba yake. Nikamwambia ashone tu, futi kumi kila ukuta, kwani mimi ni mtoto? Akaniachia kamba hata hivyo. Niliifungia zulia nikaenda zangu.

Kitambaa kilikuwa tayari Ijumaa, siku moja kabla mtoto hajaja. Nilikitundika peke yangu, nimepanda juu ya ndoo, misumari mdomoni. Ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikamaliza wa nne, na kitambaa bado kinaendelea. Nikashuka nikapima kwa nyayo. Hicho chumba hakijawahi kuwa futi kumi hata upande mmoja. Ni nane kwa tisa, na hiyo tisa yenyewe ni ya kubembelezwa. Nilimtukana mwenye ploti, halafu nikajitukana mimi. Kilichozidi kilikuwa karibu futi sita. Nikakikata, nikakikunja, nikakiweka juu ya kabati.

Mtoto alifika Jumamosi saa nne asubuhi. Akasimama mlangoni akaangalia. Kuta zilikuwa za bluu na haradali na maua ya mapazia ya watu tusiowajua. Zulia limefunika ufa. Vitambaa viko juu ya viti, juu ya redio, hata juu ya jerikeni ya maji.

"Iko fiti, Mum," akasema. "Fiti sana."

Alisema kwa adabu, kama mgeni. Halafu akakaa ukingoni mwa kiti na begi mapajani. Nikapika chai, tukanywa, nikamuuliza habari za shule, akanijibu. Begi bado liko mapajani.

Hasira ikanipanda, na chini ya hasira palikuwa na woga mtupu. "Sasa unataka nini tena?" nikamwambia. "Nilete marumaru?"

Aliangalia zulia. "Mum, mimi hapa nabadilishia nguo wapi?"

Nikaikumbuka ile sweta. Alilala nayo na akaamka nayo, mimi nikiwa hatua moja kutoka kwake, na asubuhi jirani, mwanaume mzima, akaja kuomba kiberiti akasimama pale mlangoni akipiga stori. Mimi nilicheka na jirani. Sikumwona mtoto wangu aliyejikunja kwenye kona.

"Kwa Anti kuna mlango," akasema taratibu. "Si eti kwako ni kubaya."

Niliona aibu, na haikuwa ya mabati. Nikamwambia pole. Mimi si mtu wa kusema pole, na yeye anajua, kwa hivyo akageuza macho haraka, yakaangukia juu ya kabati.

"Na hiyo ni ya nini?"

"Imezidi. Mamako ana kichwa ngumu, aliambiwa apime akakataa."

Hapo akacheka. Akakishusha, akakikunjua, akakivuta kutoka ukutani hadi kwenye kabati, mbele ya kitanda. Kikafika. Akauliza kama nina kamba. Ile ya katani ilikuwa kwenye msumari wa mlango, haina fundo hata moja. Tuliifunga pamoja, yeye upande wa ukuta, mimi upande wa kabati, tukatundika kitambaa. Nikamwambia kitanda ni chake, mimi godoro la chini linanitosha. Akaingia na begi lake, akavuta.

Nikasikia zipu ikifunguka.

Simu ikalia. Alikuwa dadangu. "Ehe, anasema aje?"

"Sijui," nikamwambia. "Amefunga mlango."

"Mlango gani? Wewe si una mlango mmoja?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma ya kitambaa. "Mum, mwambie Anti yunifomu zangu ziko chini ya kitanda chake. Akikuja aniletee zote."

Dadangu alisikia mwenyewe. Akasema ataleta, akakata. Mimi nikatupa simu kwenye kiti nikakimbilia kitambaa, nimwone uso tu, nimshike. Mkono ulikuwa umeshakigusa nilipokumbuka. Nikaurudisha.

"Hodi," nikasema.

"Ngoja, Mum."

Nikangoja.