Siku Niliyozima Mbolea

Nichekeni, lakini mnisikilize kwanza. Mimi ndiye mwenyekiti wa mbolea hapa Kaloleni. Nimehubiri mlango kwa mlango mpaka maganda ya viazi na ugali uliolala havipandi tena lori la kwenda jaani.

Jumanne afisa wa kaunti alikuwa anakuja kuamua kama tutaachiwa kiwanja chetu cha kuozeshea taka. Asubuhi hiyo ya baridi nikakuta rundo letu linafuka. Nikajua ni jirani yangu Mama Otieno, maana yeye humwaga jivu la jiko likiwa bado na makaa ya moto.

"Mama Otieno, umetuchomea kiwanja!"

"Jivu langu bado liko kwa jiko, kuja uone!"

Sikwenda kuona. Nikapiga nduru, mtaa ukatoka na mabeseni, tukamwaga maji.

Afisa akatukuta tumelowa. Akazamisha mkono kwenye rundo, akatoa konzi ya mbolea nyeusi, akainusa.

"Hapa hakuna moto. Taka zikioza vizuri hupata joto, na kukiwa na baridi hutoa mvuke. Mmefaulu! Kiwanja ni chenu."

Vigelegele vikapasua anga.

"Na huyo mwenyekiti aliyewafundisha haya yuko wapi?"

Mama Otieno akaninyooshea kidole. "Ni huyo hapo, mwenye beseni kubwa."