Uyoga wa Watu wa Nyumba ya Jemima

Wakati wa vita, msitu wa Leta, yaani wa serikali, nje ya mji wa Bunia ulikuwa na sheria moja: okota uyoga wa kula nyumbani, usiokote wa kuuza. Sheria haikuwa mbaya, ila mlinzi wake pale bariere, kwenye kizuizi cha njia, alikuwa Lambert, kijana wa bunduki kubwa na akili ya kuku.

Alichungulia kitunga cha Jemima, aliyekuwa akitoka msituni. "Mama, hii buyoga iko mingi. Ni ya soko."

"Ni ya nyumba."

"Nyumba yako iko na watu ngapi?"

Nyumbani kwake, mtaa wa Lumumba, Jemima alikuwa amewaficha watu tisa waliokimbia kutoka Djugu, na wenzake Lambert walikuwa wakiwasaka. Akisema kweli, atawauza.

"Niko peke yangu. Tumbo yangu iko kubwa, hauoni?"

"Basi ukule yote hapa."

Jemima alibanika uyoga mchache kwenye moto wa Lambert, akawa anatafuna polepole huku akimtazama kama mtu anayetazama kupe. Harufu ikamwingia kijana, naye hakuwa amekula tangu jana.

"Unionjeshe, mama."

"Buyoga ni ya watu wa nyumba yangu, sheria ni yenu. Weye ni mutu wa kwangu?"

Lambert alimeza mate. "Niko mutoto yako, mama."

"Kumbe. Mwenye mutoto ya ukubwa hii, kitunga yake haijazidi."

Alimtupia konzi moja ya uyoga wenye funza, akajitwika kitunga na kuvuka bila kuaga. Jioni ile watu tisa walikula.