Jina Lililonikwama Kooni

Harufu ya maganda makavu ya ndengu hunirudisha uani kwa Cucu, nyanya yangu, kule Kiambere, mwaka nilipokuwa darasa la sita. Alizipura ndengu kwa fimbo huku akiimba, na vumbi likimwingia kinywani hakujali. Wimbo ulikuwa mmoja tu: wa Ireri, baba yake, aliyevuka mto Tana ukiwa umefurika akarudi na mbuzi walioibwa kijijini. Kila ubeti uliishia kwa kutaja kwao, Kiambere, na Cucu alilitamka jina hilo kwa maringo, kama mtu anayeonyesha nguo mpya. Shida ni kwamba watu wa Kiritiri, alikohamia Ireri uzeeni na kuzikwa, waliimba wimbo uleule wakitaja Kiritiri, na hakuna upande uliokubali kushindwa.

Muhula huo nilichaguliwa kuuongoza wimbo huo kwenye tamasha la shule, huko huko Kiritiri. Mwalimu wetu wa muziki akaniita kando. "Tutakuwa kwao, so wewe imba Kiritiri. Ama unataka watuzomee?" Nilipomweleza Cucu, aliweka fimbo chini. "Ukitaja kwingine," akasema kwa Kimbeere, "utakuwa umemhamisha baba yangu. Na nitakuja kusikiliza." Tangu siku hiyo nilijaribu jina moja nikienda shuleni na lingine nikirudi. Mwalimu nilimwogopa, lakini kumuumiza Cucu niliogopa zaidi.

Siku yenyewe nilimwona ameketi mbele kabisa, leso mpya mabegani. Nilianza vizuri. Nilipofika penye jina, sauti ikakauka, na ngoma nayo ikasimama ikinisubiri. Kisha mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Kiritiri." Cucu akainuka akajibu, "Kiambere." Mara ukumbi mzima ukawa unataja kwao huku watu wakicheka. Wenzangu wakaingia ubeti uliofuata, na kila tulipofika mahali pale nilinyamaza tena, safari hii kwa kukusudia, kwa sababu nilikuwa mwoga. Tulishinda. Njiani kurudi nyumbani Cucu alisema neno moja tu: "Ulilijua." Aliaga dunia kabla sijathubutu kumwimbia wimbo ule wote.

Siku hizi naishi Meru mjini, na wimbo wa Ireri nausikia kwa mbali tu, harusini na kwenye simu za vijana. Hakuna anayeugombania tena. Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni akasema amechaguliwa kuuongoza. Nilimketisha, nikamwambia hapo mwisho wa ubeti kuna jina, nalo ni Kiambere.

Akanitazama kwa huruma. "Mum, hapo hakuna jina. Teacher amesema hapo ndio tunanyamaza. Wimbo uko hivyo tangu zamani."