Kadi nne katika kila kumi

Saa moja na nusu asubuhi. Wilma Stanek anavuta kiti, anapuliza kahawa yake, anachukua kisu kidogo na kupasua bahasha ya kwanza. Ndani kuna kadi nyeupe. Anaigeuza mbele na nyuma, anaisoma huku midomo ikichezacheza, kisha anaguna.

"Jamani, huyu mtu! Kaandika maneno yote bila kosa, halafu kasahau anwani yake nyuma ya bahasha." Kadi inatupwa kwenye boksi jekundu lililo miguuni pake. Humo ndimo zinamoishia kadi zilizokataliwa.

Wilma, mwenye umri wa miaka 59, ni karani wa barua hapa katika mji mdogo wa Harlan Fork, katika jengo lililokuwa ghala la mbegu. Mwajiri wake ni Golden Heron, kasino ya mtandaoni ambayo kwa sheria ya jimbo si kasino. Mwandishi wa makala haya alimfuata kwa sababu moja tu: alishindwa kuelewa kasino ya kwenye simu inataka karani wa barua wa nini.

"Hata mimi nilijiuliza," anacheka Wilma. "Siku ya kwanza nikadhani nimekosea mlango."

Anaeleza kwa mfano wa kigoda cha miguu mitatu cha kukamulia ng'ombe, kama alichokalia utotoni shambani kwao. "Kamari ina miguu mitatu. Unatoa pesa, unasubiri bahati, unapata zawadi. Kata mguu mmoja, si kamari tena."

Na hapa umekatwa upi?

"Wa pesa! Mtu akitaka kucheza bure, anatuandikia kadi. Kwa hiyo mguu wenyewe uliokatwa ndio huu hapa, mezani kwangu."

Wachezaji wengi hawaandiki chochote. Wananunua sarafu za mchezo zisizo na thamani yoyote, na juu yake wanapewa sarafu za zawadi kama nyongeza. Hizo za nyongeza ndizo zinazogeuka dola mtu akishinda. Asiyetaka kununua anaandika kadi, anaituma kwa posta, anapewa sarafu tano za zawadi. Ndiyo maana kampuni inasema haichezeshi kamari, na sheria ya jimbo, iliyoandikwa kabla ya simu hizi, imekaa kimya.

Lakini kadi ina masharti. Isiwe na mistari. Wino uwe bluu au mweusi. Sentensi ya kuomba sarafu iwe ileile iliyopangwa na kampuni, neno kwa neno, na mwandiko wa kwenye bahasha ulingane na wa kwenye kadi. Neno la ziada haliruhusiwi, hata moja.

Mlango unafunguka. Dwight Pruett, dereva wa posta, anaingia na magunia mawili mabegani.

"Habari za asubuhi, mwalimu! Jana umewafelisha wangapi?"

"Wewe shusha gunia, domo weka mfukoni."

"Haya, mama. Mimi naogopa hata kukuandikia kadi ya Krismasi. Utaikataa!"

Dwight anatoka akicheka. Wilma naye anacheka, ila haichukui muda anainama na kuchomoa kadi moja kutoka boksi jekundu.

Ni ya mzee Orville Tesch, mkulima mstaafu wa kaunti ya pili, ambaye Wilma hajawahi kukutana naye. Mwandiko wa mzee umepindapinda lakini herufi zinasomeka. Sentensi imekamilika, wino ni bluu. Tatizo liko chini kabisa, ambako mzee ameongeza: "Habari za huko? Hapa theluji imeanza kuyeyuka."

"Maneno ya ziada," anasema Wilma. "Watu wa huku hawajui kuandika barua bila kumjulia mtu hali. Mama zao waliwafundisha hivyo, na wangu pia. Baba wa watu nimemkataa mara thelathini na moja. Natamani nimpigie simu nimwambie, mzee wangu, acha salamu! Lakini kumpigia simu hakuruhusiwi. Wiki iliyopita kaandika, 'Sijapata jibu, natumaini hamuumwi.' Nilikwenda chooni nikalia."

Alhamisi hii kamati ya seneti ya jimbo inasikiliza maoni kuhusu muswada wa kupiga marufuku kasino za aina hii. Maseneta wanataka kujua kama huo mlango wa bure uko wazi kweli, au umechorwa tu ukutani. Wamemwandikia Wilma swali moja: katika kila kadi kumi, ngapi zinapita?

Jibu analo. Zinapita sita. Nne zinaingia boksi jekundu.

Mwanasheria wa kampuni alimweleza kwa upole kwamba halazimiki kwenda mbele ya kamati. Wilma naye anajua hesabu ya maisha yake. Analipwa dola 18 kwa saa, na kazi ina bima inayogharimia insulini ya mumewe, Emil. Muswada ukipita, kampuni itahama jimbo, na meza hii itauzwa pamoja na kiti chake.

"Naogopa," anasema waziwazi. "Mtu akikwambia haogopi kupoteza bima, muulize kama ana mgonjwa nyumbani."

Emil, aliyekuwa fundi wa matrekta, anakula mkate na mchuzi wa soseji jikoni kwao anapoulizwa maoni yake. "Huyu? Hawezi kudanganya hata kwenye bingo ya kanisa. Na ile bingo ni halali!" Kisha anaweka uma chini. "Aende. Insulini tutaitafuta. Mwanamke asiyelala usingizi siwezi kumtafutia dawa."

Shule ya msingi ya mjini inatafuta mpishi kuanzia Agosti, kazi yenye bima. Wilma ameshapeleka maombi. Anasema watoto akiwapikia tambi hakuna atakayemletea kanuni za wino.

Jumatatu alipiga simu kwa karani wa kamati, kijana mmoja mchangamfu, kuuliza maoni yaandikwe kwenye karatasi ya aina gani.

"Yoyote, mama," alijibiwa. "Bora isomeke."

Wilma anasema alimwomba kijana arudie jibu hilo mara mbili.

Maoni yake yako mezani, nyuma ya kopo la kahawa. Ameyaandika kwa mkono, kwenye karatasi yenye mistari, kwa wino wa kijani. Yanaanza hivi: "Habari za huko, waheshimiwa? Hapa theluji imeanza kuyeyuka. Katika kila kadi kumi, nne nimezitupa mimi."