Kisigino kinachouma asubuhi

Jirani yetu hapa mtaani Kimemi, muuza unga wa muhogo, hutoka ndani kila asubuhi akikanyagia vidole, mkono mmoja ukutani. Kisigino cha kulia kinamchoma kama msumari. Akishafika sokoni na mzigo mgongoni, kamba ya kuushikilia ikipita kwenye paji la uso, maumivu yameisha, naye husimama mchana kutwa katika sandali zilizolika. Kwa hiyo anailaumu nyumba yake, maana ni humo tu kinapomuuma. "Kuko mutu alizika kitu ku mulango," anasema. "Lakini mu njia siko nasikia uchungu." Wiki ijayo anaihama, arudi kwao Kipese.

Nimesoma kwamba kisigino huumizwa na kusimama sana, mizigo na viatu vyembamba, tena huuma zaidi mtu akiinuka baada ya kupumzika. Lakini maumivu yanayotulia kwa kutembea yananichanganya hata mimi. Jana alikaa kwetu akichambua maharage, akimtania mama. Alipoinuka, alinishika bega ghafla, mguu juu, kisigino kikimchoma tena. Akautazama mlango wetu, kisha akanitazama mimi. "Mutoto wangu," akauliza polepole, "hata na huku kwenu mutu alizika kitu?" Akaliachia bega langu.