Vifuko vya Majani

Mke wangu ni mwalimu wa baiolojia hapa Kisumu. Alipoanza kusomea shahada ya pili kule Bondo, alipangiwa kufanya utafiti na mwanafunzi mwenzake, mwanamume ambaye hakuwa ameoa. Mara kwa mara walipanda msituni, milimani mbele ya Awasi, kukagua majani yanayooza. Mimi nilibaki dukani nikiuza nyaya za umeme, roho ikiniuma. Nani huacha nyumba yake Jumamosi alfajiri kwa sababu ya majani?

Jioni moja yule bwana alipopiga simu, mke wangu alicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi. Nikamwambia, "Wiki hii nakuja."

"Karibu, Baba," akasema bila wasiwasi wowote. Hilo likaniudhi zaidi.

Msituni yule bwana alinisalimu, "Habari, Mzee," na umri wetu haukupishana sana. Walipiga magoti bega kwa bega, wakaokota vifuko vya neti walivyokuwa wamevijaza majani makavu na kuviacha chini ya miti. Vingine vilikuwa na matundu makubwa ya kuingiza mchwa na jongoo. Vingine vilipitisha kuvu na bakteria tu. Vile vya matundu makubwa vilikuwa karibu vitupu.

"Yameenda wapi?" nikauliza.

Mke wangu akanionyesha jani lililobaki mishipa tu. "Jongoo wameyatafuna, halafu kuvu..."

"Kuvu wakamalizia," mwenzake akadakia, "na chakula kikarudi udongoni."

"Mizizi inakinyonya," mke wangu akapokea, "mti unatoa majani mapya."

Hapo wivu ulinikaba kwelikweli. Ningewakuta wameshikana mikono, ningejua la kusema.

Wakati wa kurudi, tuliposimama Awasi kununua mahindi ya kuchoma, mke wangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulidhani utakuta nini?"

"Sijui."

"Na sasa?"

"Bado naona wivu."

Hakucheka. Alinipa hindi kubwa zaidi.

Baadaye yule bwana alipata kazi mbali. Siku habari hiyo ilipofika, mke wangu alikaanga omena, dagaa wa ziwani, akasahau chumvi, nami nikafurahi mpaka nikaona haya. Nikamwomba niwe namshikia mizani ya kupimia majani msituni. Alikubali. Mengi aliyonieleza sikuyaelewa, lakini nilikwenda hadi utafiti ukaisha, na kila alipomtaja yule bwana, niliangalia kando.