Afisa wa Dhamana Aliyekunywa Maji ya Mama Ilvah

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu. Simu ya mezani inalia katika ofisi ndogo nyuma ya mahakama ya Port Antonio, mji wa kisiwani, na Verona Pinnock anaitazama tu. Inalia mara sita, inanyamaza, inaanza tena. Anaweka chini kipande cha ndizi ya kuchemsha alichokuwa akila, anafuta vidole, anaipokea.

"Ofisi ya probesheni, habari za asubuhi."

Sauti ya upande wa pili ni ya mwanamke mzee, ya upole, na inasikika hadi kwenye kiti cha mgeni. "Mwanangu Verona. Umeamka salama?"

"Nimeamka salama, Mama Ilvah."

"Huyu wa mwisho watamwachia lini?"

"Bado hatujajua, mama. Jaji ndiye anayeamua."

"Haya. Mimi nipo. Nimeshafagia."

Simu inakatika. Verona anabaki ameishika mkononi. "Kila Jumatatu," anasema. "Saa ile ile. Na hajawahi kunigombeza hata siku moja. Angenigombeza, ningelala vizuri."

Verona ana miaka hamsini na saba, na ishirini na mitatu kati ya hiyo ameitumia katika kazi hii. Kabla jaji hajaamua kama mshtakiwa asubiri kesi yake nyumbani au rumande, lazima mtu aende huko nyumbani akaulize: ataishi wapi, nani atamdhamini, je, majirani watampokea au watamdhuru? Mtu huyo ni yeye. Ameshaandika ripoti zaidi ya mia sita.

Huenda kwa gari lake mwenyewe, kwenye barabara za milimani ambazo mvua huzikata kila Novemba. Mshahara, akishatoa mafuta na dawa za presha za mumewe, haubakizi kitu cha kusimulia. Amefukuzwa na mbwa mara nne na mtu mwenye panga mara moja.

"Wa panga hakunitisha," anasema. "Unaona kabisa anachotaka."

Kilichomtisha ni Sweetwood Gap, kijiji cha nyumba thelathini hivi juu ya bonde la viazi vikuu. Februari mwaka jana alipewa faili la watu watatu walioshtakiwa kwa mauaji: ndugu wawili, Ransford na Denton Kidd, na mzee wa miaka sitini na mitatu, Hopeton Maragh, mgonjwa wa kisukari. Walidaiwa kumuua jirani yao, Everald Crossdale, baada ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Mwili ulikutwa ndani ya tangi la maji la shule ya zamani, umekaa humo siku tano. Kofia ya Hopeton ilikutwa pembeni.

Wote watatu waliomba dhamana siku moja. Jaji akataka ripoti moja kwa wote.

Verona alifika kijijini saa nne asubuhi, jua likiwaka. Hakuona mtu barabarani wala hakusikia redio. Alianza na mama wa marehemu, kama anavyofanya siku zote, na akamkuta barazani amevaa gauni la kanisani, kana kwamba ameambiwa saa ya mgeni kufika.

"Karibu, mwanangu. Umetoka mbali. Kunywa maji kwanza."

Akampa bilauri ya maji ya limau na sukari. Verona akayanywa yote, kwa kuwa ilikuwa joto na kwa kuwa ndiyo adabu. Kisha akafungua fomu yake.

"Mama Ilvah, hawa watu wakiachiwa kwa dhamana wakarudi hapa, wewe utaonaje?"

"Waachie warudi."

"Huogopi?"

"Niogope nini? Hapa ndipo kwao."

"Na huna kinyongo?"

Mama Ilvah alitazama kalamu ya Verona hadi ikaacha kuandika. "Andika warudi. Watakuja kwa njia ya juu au ya mtoni?"

Verona alipita nyumba kumi na moja siku ile. Mwalimu mstaafu, mwenye duka, mzee wa kanisa. Kila alipouliza kama kijiji kitawapokea washtakiwa, jibu lilikuwa lile lile kwa maneno yale yale: "Mama Ilvah amesema warudi, basi warudi." Mwenye duka alilisema akiwa amempa mgongo, akipanga mikebe ya samaki ambayo tayari ilikuwa imepangwa.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Merdina Kidd, mama wa wale ndugu wawili. Verona alitegemea machozi na maombi ya kawaida. Merdina alimvuta ndani, akafunga dirisha.

"Dada, usiniletee watoto wangu hapa. Nakuomba. Waache huko huko."

"Mama, wewe ndiye mdhamini. Umeweka sahihi mwenyewe."

"Niliweka kwa sababu Mama Ilvah alikuwa amesimama pale nje ya uzio, ananiangalia. Amekunywesha maji?"

"Amenipa, ndiyo."

Merdina alikaa kitandani polepole. "Kijiji kizima tumeliacha lile tangi. Yeye anakwenda kila alfajiri na ndoo. Usiku wa tisa wa matanga tumeimba mpaka sauti zimekauka, yeye hajatoa chozi. Kesho yake akaanza kuchota. Kila anayeingia uani kwake anapewa. Na hakuna anayekataa, dada. Mimi mwenyewe nimekunywa."

Verona anakumbuka kwamba alitoka, akapita mita mia mbili, akasimamisha gari. "Nilikaa tu na kulambalamba midomo," anasema. "Bado ilikuwa na utamu."

Alikaa na ripoti ile siku nne. Kwa mujibu wa fomu, kila kitu kilikuwa sawa: jamii inakubali, familia ya marehemu haina pingamizi. Fomu ina maswali kumi na tisa, na hakuna hata moja lenye nafasi ya kuandika alichokisikia. Mwishowe aliongeza karatasi, akaandika kila kitu, pamoja na maji, na akashauri kwamba atakayeachiwa asikanyage Sweetwood Gap.

Mahakamani wakili wa utetezi aliisoma karatasi ile kwa sauti. "Mheshimiwa, wateja wangu wazuiliwe kwenda kwao kwa sababu ya bilauri ya maji ya limau?" Watu wakacheka.

Jaji, mwanamke mnene asiyependa haraka, hakucheka. Alivua miwani. "Afisa, uliyanywa?"

"Niliyanywa, mheshimiwa."

"Yakoje?"

"Matamu, mheshimiwa."

Kicheko kikafa chenyewe.

Uamuzi ulichukua dakika arobaini, mmoja mmoja. Hopeton alipewa dhamana: ni mgonjwa, na zaidi ya kofia hakukuwa na kitu dhidi yake. Akaishi kwa dada yake, wilaya jirani ya Saint Mary. Denton, mdogo wa wale ndugu, alipewa pia, akaishi kwa shangazi yake upande wa pili wa kisiwa na kuripoti polisi mara mbili kwa wiki. Ransford alinyimwa, kwa sababu akiwa rumande alikuwa amempigia shahidi simu ya vitisho. Na wote watatu walipigwa marufuku kufika kijijini.

Denton alitii siku kumi. Siku ya kumi na moja, shangazi yake anasema, aliamka, akafua shati lake, akangoja likauke, akalivaa na kuondoka bila kuaga. Saa nane mchana alionekana akishuka kwa njia ya juu. Watu waliingia ndani na kufunga milango. Merdina alimwona akipita mbele ya nyumba na kumwita kwa jina. Hakugeuka.

Aliingia uani kwa Mama Ilvah, akapewa maji, akanywa. Wakakaa barazani saa mbili, yeye akisema, Mama Ilvah akisikiliza. Kisha akatembea maili sita hadi kituo cha polisi, akaomba karatasi.

Alichoandika kiko mbele ya mahakama, na Verona hakizungumzii. Linalojulikana ni kwamba wiki tatu baadaye mashtaka dhidi ya Hopeton Maragh yalifutwa. Sasa yuko kwa dada yake, anafuga kuku. Dhamana ya Denton ilifutwa pia, naye hakupinga.

"Denton aliachiwa baada ya ripoti yangu," anasema Verona. "Watu wananipongeza, eti nimemwokoa mzee asiye na hatia. Mimi sikufanya kitu. Nilimuuliza Denton rumande, kwa nini ulikwenda? Akaniambia, 'Bibi, nilikuwa na kiu.'"

Verona anastaafu mwezi Machi. Anataka kulima vitunguu nyuma ya nyumba na kumpeleka mumewe kwa daktari wa macho. Lakini wakili wa Ransford ameomba dhamana upya, na jaji ametaka ripoti mpya. Alhamisi atapanda tena Sweetwood Gap.

Wiki iliyopita alikwenda rumande kumweleza Ransford. Ni jitu la mabega mapana, lililowahi kumtukana mlinzi mpaka akalia. Alimsikiliza Verona, kisha akainama karibu na vyuma.

"Andika nimekutisha," alimwambia. "Andika nimekutemea mate. Chochote."

"Si umwambie wakili wako aondoe ombi?"

"Nimemwambia. Anadhani nimechanganyikiwa."

Verona anafunga faili na kulipanga juu ya mengine. Matumaini yake ni kwamba kabla ya Alhamisi Ransford atasema mwenyewe, huko huko aliko, kile alichobeba.

"Maana nikishafika kule sitaweza kudanganya," anasema. "Nitamuuliza Mama Ilvah kama kijiji kitampokea, na nitaandika atakavyonijibu. Nitaandika kwamba anasubiriwa."